Krediti ni saa zako: jinsi ya kuusoma mzigo wa masomo ya chuo kabla haujakuelemea

Wiki ya pili ya muhula wake wa kwanza, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Njiro, Arusha, sauti imejaa furaha. "Shikamoo shangazi. Huku chuo si kama tulivyotishwa. Nina vipindi vya saa kumi na sita tu kwa wiki, na Ijumaa sina hata kimoja." Alikuwa ameshapata mtu wa kumpa kibarua cha kuuza duka siku tatu kwa wiki, akawa anataka baraka zangu. Nikamwitikia marahaba, nikamwomba anisomee ile namba iliyoandikwa mbele ya jina la kila kozi. Akasoma: 12, 12, 12, 12, 6, 6. Nikajumlisha, nikapata 60.

"Basi chuo kinakudai saa arobaini kila wiki, mwanangu," nikamwambia. "Kumi na sita utakaa na mwalimu. Ishirini na nne zilizobaki ziko juu yako, na hakuna atakayekuuliza umezifanyia nini mpaka siku ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula."

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza saa hizo nimezitoa wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana hakuna aliyemweleza: si shuleni, si siku za kupokea wanafunzi wapya. Namba ile iko kwenye kila karatasi ya chuo, na wengi huijali siku GPA, yaani wastani wa pointi za alama zao, inapotoka, muda wa kurekebisha ukiwa umekwisha. Nimeandika hatua hizi kwa ajili yake na wenzake walioko vyuoni Arusha na Moshi, na kwa wazazi wa Rombo, Machame na Karatu wanaolipa ada bila kujua mtoto anatakiwa kufanya kazi kiasi gani.

Namba ile inasema nini

Katika vyuo vya Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hiyo ndiyo hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa vyuo vikuu, na ndiyo ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa vyuo vinavyotoa tuzo za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi. Mwaka mmoja wa masomo hubeba krediti 120, yaani saa 1,200. Muhula mmoja hubeba krediti 60, yaani saa 600. Gawa 600 kwa wiki 15 za muhula unapata 40. Hapo ndipo nilipozitoa.

Yashike maneno haya mawili: kazi ya mwanafunzi. Saa hizo hazihesabu muda wa mwalimu kuongea. Zinahesabu kila kitu unachofanya kwa ajili ya kozi: muhadhara, semina, maabara, kazi za kuandika, kusoma peke yako maktaba au geto, kujiandaa na mtihani, na hata ule muda wa kukaa kwenye chumba cha mtihani.

Watu wengi huzichukulia krediti kama kipimo cha ugumu, kwamba kozi ya 12 ni ngumu na ya 6 ni mteremko. Sivyo. Kozi ya krediti 6 inaweza kukutoa jasho. Namba inachosema ni kwamba waliotunga mtaala walikadiria mwanafunzi wa kawaida atahitaji saa 60 ili aimudu. Ni makadirio, kama yale ya waongoza watalii wetu wanaposema njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro ni siku tano au sita kwenda na kurudi. Kuna anayepanda kwa wepesi na kuna anayehitaji siku ya ziada kambi ya Horombo ili mwili uzoee, ila chakula na wapagazi hupangwa kwa mtu wa kawaida. Kama hesabu iliachwa nyuma yako tangu kidato cha pili, kozi ya saa 120 kwako inaweza kuwa ya saa 150. Jijue mapema, usisubiri matokeo yakuambie.

Kila ngazi na kipimo chake

Shule ya msingi na sekondari hazina krediti. Huko kazi hupimwa kwa vipindi, na kipindi cha sekondari ni dakika 40. Mzigo umepangwa na ratiba, kengele inagonga, mwalimu wa zamu anapita. Mtoto aliyelelewa na kengele kwa miaka yote hiyo ndiye tunayemwachia saa 24 kwa wiki siku moja ya Oktoba. Simshangai akidhani ni za mapumziko.

Zile pointi za kidato cha nne na cha sita nazo zisikuchanganye na krediti. Pointi zinatokana na alama ulizopata, na zikiwa chache ndiyo heri: daraja la kwanza kidato cha nne ni pointi 7 hadi 17. Krediti unazikusanya, na hazisemi ulifanya vizuri kiasi gani. Mwenye A na mwenye C katika kozi ya krediti 12 wote wamepata krediti 12 zilezile. Mzazi mmoja hapa Rau aliwahi kunionyesha karatasi ya mwanawe akisikitika kwamba "ana pointi 120". Zilikuwa krediti za mwaka mzima, zimetimia zote. Nilifurahi kumpa habari njema.

Kuanzia astashahada kwenda juu ndipo hesabu ya krediti inapoanza. NTA ngazi ya 4 ni mwaka wa krediti 120, ngazi ya 5 ni 120 nyingine, na ngazi ya 6, anapohitimu stashahada, 120 tena. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360 kwa uchache. Uzamili ni 180, na sehemu kubwa ya hizo inaweza kuwa utafiti. Ukilinganisha mwanafunzi wa ngazi ya 4 pale mjini na wa uzamili aliyeko Tengeru, krediti 1 ni saa 10 kwa wote wawili. Kinachotofautiana ni kina cha kazi, na ni sehemu gani ya saa hizo unasimamiwa. Kadiri unavyopanda ndivyo saa za kusimamiwa zinavyopungua. Kwa hiyo krediti 12 za stashahada hazilipi krediti 12 za uzamili hata kama saa zinalingana, kwa sababu kila krediti ina ngazi yake.

Hatua ya 1: Zitafute krediti za kila kozi

Angalia prospektasi ya chuo, akaunti yako kwenye mfumo wa wanafunzi, au muhtasari wa kozi anaogawa mhadhiri wiki ya kwanza. Wa tatu ndio bora, kwa sababu mara nyingi huchanganua saa zinavyogawanyika. Usipoupata, mwombe mhadhiri kwa adabu. Ziandike kozi zote za muhula na krediti zake kwenye ukurasa mmoja, uonyeshe zipi ni za lazima na zipi za hiari.

Jumlisha. Zikiwa karibu na 60, muhula wako ni wa kawaida. Ukikuta 70 na kitu, rudi uangalie kama hujajisajili kozi ya hiari ambayo huihitaji. Ukikuta 48, muulize mshauri wako wa masomo kabla dirisha la usajili halijafungwa: huenda kuna kozi umeiruka, na utaikuta inakusubiri mwaka wa mwisho.

Hatua ya 2: Geuza krediti kuwa saa, kisha toa saa za darasani

Chukua kozi ya krediti 10. Ni saa 100. Tuseme ina muhadhara wa saa 2 kila wiki kwa wiki 15, hizo ni 30. Semina saa 1 kila wiki, 15. Kazi mbili za kuandika, tuzipe saa 15. Mtihani wa mwisho saa 2. Jumla 62. Saa 38 zilizobaki ni za kusoma mwenyewe, yaani kama saa 2 na nusu kila wiki kwa kozi hiyo moja.

Fanya hivyo kwa kila kozi. Kama muhtasari hauonyeshi mgawanyo, zidisha krediti kwa 10, toa saa za kwenye ratiba ya muhula mzima, na zinazobaki zigawe kwa wiki zilizopo. Ni kazi ya nusu saa na daftari. Sijaona nusu saa nyingine ya mwaka wa kwanza yenye faida kama hiyo.

Hatua ya 3: Zipe saa hizo mahali pa kukaa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo nilipokwama mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kozi ya takwimu ya krediti 12 na nyingine ya krediti 6, nikazipa muda sawa kwa kuwa zote zilikuwa na kipindi kimoja kirefu kwa wiki. Ya krediti 6 nilifaulu vizuri. Ya takwimu nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, nikakaa chuoni Septemba wakati wenzangu wako nyumbani wanakula ndizi mpya. Hakuna aliyenionea. Karatasi ilikuwa imesema saa 120, nami nilikuwa nimetoa kama 60.

Kwa hiyo chora wiki yako: siku saba, asubuhi, mchana, jioni. Jaza kwanza vipindi. Kisha jaza mambo ambayo krediti hazihesabu lakini siku yako inayahesabu: kupika, kufua, ibada, na usafiri. Usafiri hasa. Anayeishi Usa River na kusoma mjini Arusha akipoteza saa 2 kwa siku kwenye vifodi, kwa siku tano amepoteza saa 10, na hakuna chuo kitakachomhesabia hata moja. Simwambii ahame. Namwambia ajue kwamba saa hizo hazitoki kwenye zile 40, zinatoka kwenye usingizi wake, na kama anaweza kubana vipindi vya kujisomea kati ya mihadhara, afanye hivyo badala ya kurudi nyumbani mchana.

Nafasi zilizobaki ndizo unazogawa kwa kozi, na ugawe kwa kufuata krediti. Kozi ya 12 ipate mara mbili ya kozi ya 6. Weka kozi nzito kwenye saa ambazo kichwa chako kiko macho. Kwangu ilikuwa alfajiri kabla majirani hawajafungua redio. Kwa mpwa wangu ni jioni, maktaba. Andika kitu mahsusi: "Jumanne saa 10 hadi 12 jioni, uhasibu, maswali ya sura ya tatu." Ukiandika "kusoma" peke yake, saa 10 ikifika utakaa unajiuliza usome nini.

Na kile kibarua? Sikumkataza. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, halitoshi na kila mtu anajua. Tulihesabu pamoja: siku tatu za saa 8 ni saa 24, na ukizijumlisha na 40 unapata wiki ya saa 64. Akaamua mwenyewe kuchukua Jumamosi tu. Kwa walioajiriwa wanaosoma jioni, hesabu hii ni kali zaidi. Muuguzi wa Moshi mwenye zamu za saa 40 akijisajili muhula kamili amejitwisha wiki ya saa 80. Uliza kama chuo kinaruhusu kuchukua krediti chache kwa muhula na kumaliza kwa miaka mingi zaidi. Kumaliza kwa miaka minne ukiwa mzima ni bora kuliko kudisko, yaani kuondolewa chuoni, mwaka wa pili ukiwa umechoka.

Hatua ya 4: Tumia krediti kuilinda GPA

Hii ningependa kila mwanafunzi aifanye kwa mkono wake mwenyewe angalau mara moja. Kwa shahada, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi ya kila kozi kwa krediti zake, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya krediti.

Tuseme una kozi tatu. Uhasibu krediti 12, umepata C: 2 mara 12 ni 24. Takwimu krediti 12, B+: 4 mara 12 ni 48. Stadi za mawasiliano krediti 6, A: 5 mara 6 ni 30. Jumla 102. Gawa kwa 30, unapata 3.4.

Sasa badili: A iwe ya uhasibu na C iwe ya stadi za mawasiliano. 60, na 48, na 12: jumla 120. Gawa kwa 30, unapata 4.0.

Alama ni zilezile tatu, A moja, B+ moja, C moja. Moja imekuweka daraja la pili la chini, ambalo linaishia 3.4, na nyingine daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Tofauti ni mahali A ilipoangukia. Mpwa wangu alipoiona hesabu hii alirudia mara mbili kwa kikokotoo akidhani nimekosea. Sisemi uitupe kozi ya krediti 6. Ila ukiwa na usiku mmoja tu wa kujiandaa na kozi mbili bado hazijaiva, karatasi imeshakuambia uanze na ipi. Kwa ngazi za NTA, angalia pointi za kila alama kwenye mwongozo wa ngazi yako. Namna ya kuzidisha ni hiyohiyo.

Hatua ya 5: Ukianguka, hesabu upya

Krediti hupewi kwa kuhudhuria. Unazipata ukifaulu. Ukikeri kozi ya krediti 12, yaani ukaibeba bila kuifaulu, na mwaka unaofuata ukaichukua pamoja na 60 za kawaida, muhula huo una 72, yaani saa 720, yaani 48 kwa wiki. Ijue namba hiyo kabla ya kujisajili, na uangalie kikomo cha krediti kwa muhula kwenye kanuni za chuo chako. Kama kuna kozi ya hiari unayoweza kuisogeza mbele, isogeze.

Fildi (mafunzo kwa vitendo) na utafiti wa mwisho navyo vina krediti. Wanafunzi wengi huichukulia fildi kama likizo yenye sare. Zidisha krediti zake kwa 10 uone kama siku utakazokaa ofisini zinatosha, na uzitengee saa za kuandika ripoti tangu wiki ya kwanza.

Hatua ya 6: Ukihama chuo au kupanda ngazi

Tuseme unahama kutoka chuo cha Arusha kwenda cha Moshi na unataka kozi ulizofaulu zihesabiwe. Chuo kipya kitaangalia mambo matatu: krediti za kozi, ngazi yake, na yaliyofundishwa. Krediti zikilingana lakini maudhui yakawa tofauti, hutakubaliwa. Maudhui yakilingana lakini kozi yako ikawa ya krediti 6 na yao ya 12, umefanya nusu ya kazi. Chukua transkripti (karatasi ya matokeo yako yote) pamoja na muhtasari wa kila kozi, na upate jibu la maandishi kuhusu krediti walizokubali kabla ya kulipa ada. Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia mwaka wa tatu.

Kwa anayevuka mpaka kwenda Kenya au Uganda: Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapa Arusha, walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambulike katika nyingine. Hiyo inakupa hoja ya kusimamia, lakini uamuzi wa kila kozi bado hufanywa na chuo unachokwenda.

Hatua ya 7: Ukiomba nafasi Ulaya, Uingereza au Marekani

Jina ni lilelile, krediti, lakini kipimo ni kingine, kama debe la huku na debe la kule. Uingereza wana krediti 120 kwa mwaka, kila moja saa 10, sawa na zetu. Mfumo wa Ulaya, ulioanza mwaka 1989 chini ya mpango wa Erasmus, una krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30. Marekani shahada ya kwanza huwa krediti 120 kwa miaka minne, yaani 30 kwa mwaka.

Marekani wana historia yao. Mwaka 1905 Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kwa ajili ya pensheni za walimu wa vyuo, na taasisi iliyosimamia fedha hizo ikataka vyuo vinavyonufaika vipokee wanafunzi waliosoma kiasi kinachopimika. Ikaweka kipimo cha saa 120 za darasani kwa somo moja la sekondari. Vyuo navyo vikazoea kuhesabu saa za darasani: krediti 1 ni saa 1 ya kipindi kwa wiki, ikiambatana na saa 2 za kujisomea, kwa wiki kama 15. Hiyo ni saa 45. Kumbe hata wale walioanza na darasa wanakutaka ujisomee mara mbili ya muda wa mwalimu.

Ukizidisha, mwaka wetu na wa Uingereza ni saa 1,200, wa Marekani ni kama 1,350, wa Ulaya ni kati ya 1,500 na 1,800. Kwa sababu hiyo vyuo vingi havibadilishi kwa saa, vinabadilisha kwa mwaka: mwaka mmoja kwa mwaka mmoja. Krediti 2 za Uingereza huhesabiwa 1 ya Ulaya, na kwa zetu hesabu ya mwaka inatoa jibu hilohilo. Kwa Marekani, 4 zetu hukaribia 1 yao. Mwanafunzi aliyemaliza krediti 360 hapa asiandike kwenye fomu ya huko kwamba ana "360" bila maelezo, wala asiogope akiona wao wanataka 120. Andika krediti zako kama zilivyo, kisha ongeza sentensi moja: krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka kamili ni krediti 120.

Na muhtasari wa kozi zako, utunze tangu leo. Piga picha kila ukurasa siku mhadhiri anapougawa, uhifadhi kwenye barua pepe yako. Mitaala hubadilishwa, wahadhiri huhama, na ofisi ikikuambia baada ya miaka mitano kwamba nakala ya zamani haionekani, wewe ndiwe utakayebaki na transkripti yenye majina ya kozi ambayo hakuna anayejua ndani yake kulikuwa na nini.